Haya Si Aibu

Tangu Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipobatilisha, Agosti 2021, vifungu vikuu vya Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014, wako Wakristo wenzangu ambao hawajaacha kulalama kwamba uchafu umefunguliwa mlango. Mimi nami ni Mkristo, na uchafu huo nauchukia pengine kuliko wao. Walakini siwezi kulia pamoja nao. Sheria ile ilikuwa na kasoro ambayo Injili ingeifichua kabla ya majaji.

Tukumbuke yaliyotokea. Rais Museveni aliitia sahihi Februari 2014. Maandishi yake hayakutaja sketi hata mara moja. Yalihusu picha na maonyesho ya ngono, na adhabu ya mtengenezaji au mwuzaji ilifika kifungo cha miaka 10. Lakini watu wa mitaani waliibatiza sheria ya sketi fupi, na muda si muda makundi ya wanaume yakawa yanawavua wanawake nguo hadharani mjini Kampala, eti kwa kutetea maadili. Ajabu iliyoje! Waliodai kupinga utupu ndio waliouonyesha barabarani, na umati uliokusanyika kutazama haukulipa hata kiingilio.

Wala hayo hayakuwa mapya. Idi Amin alizipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilikwisha zikataza huko Tanzania tangu Januari 1969. Kila mara ni magoti ya wasichana yaliyokaguliwa. Macho ya wanaume yaliachwa yapite.

Bwana Yesu, katika mahubiri yake ya mlimani, aliliweka kosa hilo moyoni mwa mwanamume atazamaye kwa tamaa. Hakuuliza mwanamke alivaa nini. Na alipoletewa mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, mzinzi mwenziwe hakuletwa. Desturi hiyo ya kumsahau mwanamume tumeirithi kikamilifu, tena tumeipa jina la utamaduni wetu.

Hapa sisi walimu wa lugha tunalo la kusema. Najua wasemaji wengi huyatumia maneno aibu na haya kana kwamba ni mamoja, na kamusi nazo huwaruhusu. Lakini tuyatazame vizuri. Aibu ni fedheha, nayo huhitaji watazamaji: mtu huaibishwa mbele ya watu. Haya ni tabia, mtu husifiwa kuwa nayo, na humfuata hata anapokuwa peke yake. Jirani yake ni soni, neno la Kibantu ambalo Waganda huliita ensonyi, na Wanyarwanda na Warundi isoni. Dola yaweza kugawa aibu kadiri ipendavyo. Haya hulelewa nyumbani, pole pole, tangu utoto.

Na tofauti hiyo leo si ya vitabuni tu. Mwaka 1972 aliyetaka picha chafu hakuwa na budi kumwendea mwuzaji, na huenda akaonekana na jirani. Siku hizi mzee wa kanisa huweza kuzitazama kitandani, mlango umefungwa, simu kiganjani, na asubuhi akasimama kulaani mavazi ya wasichana wa kwaya. Aibu haimfikii, maana hakuna amwonaye. Na huyo anayemtazama ni mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, ambaye mwili wake umegeuzwa bidhaa. Mtazamaji hana njia ya kujua kama alikubali, au alilaghaiwa, au alilazimishwa. Wafanyao biashara ya picha za watoto wafungwe, hapo sina ubishi na dola. Lakini yule wa kitandani hatapatikana kwa askari wala kwa kamati ya maadili.

Kwa hiyo kazi ni ya kanisa na ya wazazi, na kanisa bado linaikwepa. Karibu mahubiri yote niliyoyasikia juu ya jambo hili yalielekezwa upande waketipo kina mama na mabinti, yakahusu mabega na magoti. Nangoja padri au mchungaji atakayegeukia mabenchi ya upande wa pili, awaulize wanaume simu zao zina nini.