Kabla hujawakorogea wageni martini, hesabu watoto walioko nyumbani

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, ameniuliza swali ambalo sikulitegemea kwenye ukurasa huu. Jumamosi wanakuja wageni wa kazini kwa mumewe, na mume ameshaona kwenye simu namna ya kutengeneza martini. Mama anataka kujua hiyo martini ina ukali gani, na afanyeje na watoto watakaokuwa wanazunguka sebuleni.

Nianze na jina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kwetu ukisema Martini, wengi wanaifikiria ile chupa ya Italia inayouzwa supamaketi, tamu, nyeupe au nyekundu. Ile ni vamuthi, yaani divai iliyotiwa mitishamba na kuongezewa pombe kali kidogo. Kilevi chake ni karibu asilimia 15. Martini ya kwenye glasi ya mguu mrefu ni kitu kingine kabisa. Msingi wake ni jini (la chupa, si lile la hadithi za bibi) lenye kilevi cha karibu asilimia 40, na vamuthi kavu huongezwa kidogo tu. Hakuna juisi wala soda. Hata barafu ikishayeyukia humo, inabaki na ukali wa karibu mara mbili ya ile chupa tamu. Mgeni aambiwe kabla hajaonja.

Kutengeneza si kazi. Kwa glasi moja, pima mililita 60 za jini, sawa na vijiko vinne vya chakula, na mililita 10 za vamuthi kavu, yaani vijiko viwili vya chai. Koroga kwenye jagi lenye barafu nyingi kwa nusu dakika hivi, chuja kwenye glasi iliyokaa kwenye friza, kisha weka zeituni moja au kipande cha ganda la limau. Anayetumia Konyagi badala ya jini la nje sina ugomvi naye, asome tu asilimia kwenye lebo. Barafu igandishwe kwa maji yaliyochemshwa. Wapo wanaoamini pombe kali inaua vijidudu vya kwenye barafu, msiitegemee.

Tatizo ni vipimo. Glasi niliyoieleza ina takriban gramu 20 za pombe halisi, sawa na bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5. Tofauti ni kwamba bia mtu anakaa nayo saa nzima, hii inaisha kwa dakika kumi huku akisema bado hajaanza. Na glasi za martini zinazouzwa madukani ni kubwa, nyingine huingia zaidi ya mililita 200. Kwetu glasi isiyojaa ni dalili ya uchoyo, hivyo mwenyeji ataijaza, na kwa kuijaza amempa mgeni zaidi ya bia mbili kwa mkupuo. Nunueni glasi ndogo. Zikijaa, mgeni ataridhika na mtakuwa hamjamdhuru. Chakula kitangulie, mishikaki au sambusa au chochote chenye kushiba, kwa sababu tumbo lenye chakula hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Sitarajii sentensi hiyo iahirishe sherehe ya mtu, lakini mjamzito asibembelezwe "aonje tu", na anayemeza dawa za usingizi, za kifafa au metronidazo aachwe na maji yake. Mgeni akikataa, usimuulize kwa nini mbele ya watu.

Sasa watoto. Nyumba nyingi zina desturi nzuri ya kumtuma mtoto amhudumie mgeni: mpelekee anko glasi yake. Kwa usiku huo desturi hiyo ipumzike. Martini haina rangi, inafanana na maji, na mtoto anayebeba glasi ataonja. Vinywaji vya watoto viwekwe kwenye vikombe vya plastiki vya rangi, visifanane hata kidogo na vya wakubwa. Zile zeituni zilizolowa pombe pia zisiachwe kwenye sahani, kwani kokwa yake inaweza kumpalia mtoto mdogo.

Hatari kubwa zaidi inakuja asubuhi. Wageni wameondoka saa saba usiku, wenyeji wamelala hoi, na mtoto wa miaka mitatu ameamka saa kumi na mbili na kukuta glasi sita mezani zenye mabaki. Mwili wake ni mdogo, na pombe hushusha sukari kwenye damu ya mtoto kwa haraka, jambo linaloweza kuleta degedege hata kupoteza fahamu. Kwa hiyo mtu mmoja asiyekunywa apangwe mapema. Kazi yake ni kumwaga mabaki na kuosha glasi kabla taa hazijazimwa, na ndiye atakayekuwa macho mtoto akilia usiku.

Ikitokea mtoto amekunywa, msimlazimishe kutapika, msimpe kahawa, msimmwagie maji. Mkimbizeni hospitali hata kama anaonekana mchangamfu, mkiwa na ile chupa mkononi ili daktari ajue alichokunywa. Akisinzia njiani, alazwe kwa ubavu.

Kuhusu chupa zenyewe, nunueni duka linaloaminika, muangalie kizibo na stempu ya TRA. Pombe za magendo zinaweza kuwa na methano, ambayo hupofusha na kuua. Mgeni aliyekuja na gari aulizwe mapema, kabla ya glasi ya kwanza, nani atamwendesha. Na bodaboda si jibu kwa mtu asiyeweza kujishikilia.

Vamuthi iliyobaki ifungwe na kuwekwa kwenye friji, maana ni divai na huharibika. Iwekwe rafu ya juu, na ibaki kwenye chupa yake yenye lebo. Msiihamishie kwenye chupa ya maji, hata kwa usiku mmoja.