Hofu Nayo Ina Tiba

Tangu siku za kupigania Uhuru, Chama kimewafundisha wananchi kuwatambua maadui watatu wa taifa letu: ujinga, umaskini na maradhi. Adui huyu wa tatu tumezoea kumtafuta katika maji machafu, katika mbu na katika kikohozi kisichokwisha, na vita hivyo ni vya haki. Lakini yako maradhi mengine yasiyo na kidonda wala homa, ambayo mwenye nayo huyaficha kwa kuona haya, na jirani zake huyaita kwa majina yasiyo yake. Maradhi hayo ni hofu isiyokoma. Leo twapenda kuyazungumza waziwazi, tukiwa tumeelekeza macho yetu Mpanda na Mkoa mzima wa Katavi.

Mpanda inayo sababu ya kulijua jambo hili kuliko miji mingi. Mwaka 1972, yalipotokea mauaji makubwa huko Burundi, watu kwa maelfu walivuka mpaka wakaingia nchini mwetu, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni na bila kitu mkononi. Mwaka 1973 yalifunguliwa makazi ya Katumba, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Watu wale walifyeka miombo, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na kazi ya mikono yao ikasifiwa na kila aliyeiona. Yaliyobaki vichwani mwao hayakuonekana, wala hapakuwa na wengi waliouliza. Hatusemi kwamba kila aliyekimbia mauaji ni mgonjwa. Wengi hupona kwa kazi, kwa ibada na kwa udugu. Lakini wako ambao, miaka mingi baada ya hatari kupita, mlango ukigongwa usiku hutetemeka kama siku ile ile ya kwanza.

Wala hofu hii si ya waliokimbia vita peke yao. Humpata mchimbaji wa dhahabu aliyefukiwa na udongo akaokolewa, dereva aliyenusurika katika ajali, mkulima aliyevamiwa na tembo shambani, na mama aliyepoteza mtoto katika uzazi. Wengine huishikwa nayo bila wao wenyewe kuweza kutaja siku ilipoanza.

Hebu tutazame jinsi inavyofanya kazi. Mrina asali wa Inyonga anapita porini kwenda kwenye mizinga yake, mara kichaka kinatikisika mbele yake. Kabla hajapata hata kufikiri kama ni mbogo au ni upepo, moyo umekwisha kuanza kwenda mbio, pumzi imekuwa fupi, mikono inatoka jasho na miguu iko tayari kukimbia. Kazi hiyo imefanywa na sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, yenye umbo la lozi, ambayo wataalamu huiita amigdala. Sehemu hiyo ni mlinzi wa zamu. Ikipata dalili ya hatari hupeleka amri mwilini mara moja, na tezi zilizo juu ya figo humwaga damuni kemikali iitwayo adrenalini. Damu hukimbilia misuli, tumbo husimamisha kazi yake, na mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, ipimayo mambo kwa akili, hufika nyuma kidogo, ikasema, “Ni upepo tu,” na mwili ukatulia.

Ndiyo kusema kwamba hofu yenyewe si aibu wala si ugonjwa. Bila ya mlinzi huyu babu zetu wasingalidumu siku moja katika nchi yenye simba na mamba. Maradhi huanza pale mlinzi anapokosa kujua kwamba zamu imekwisha. Aliyepatwa na jambo la kutisha, ubongo wake hushika kila kilichokuwapo siku hiyo: harufu ya moshi, mlio, giza, aina ya sauti. Kisha kila kimoja cha vitu hivyo, hata kikija peke yake na bila ya hatari yoyote, hupiga kengele ile ile. Mtu hukosa usingizi, hukasirika bila sababu, na hula bila kusikia ladha.

Tena liko jambo linaloizidisha hofu, nalo ni kuikimbia. Mchimbaji aliyefukiwa huanza kwa kuliacha shimo, kisha huacha njia iendayo shimoni, mwisho hukaa nyumbani mchana kutwa. Kila akikwepa hupata nafuu ya saa moja, na ubongo wake hujifunza kwamba amesalimika kwa sababu amekwepa. Kesho hofu hudai zaidi. Hivyo ndivyo mtu hodari apunguavyo, siku hata siku, mpaka akawa mfungwa katika nyumba yake mwenyewe.

Na sisi jirani zake twafanya nini? Mara nyingi twamwita mvivu, au mwoga, au mlevi, maana wengi wao hutafuta usingizi katika pombe. Mwajiri huona kwamba haji kazini, akamfukuza. Wengine husema amerogwa, na hapo ndipo msiba mmoja unapozaa mwingine, kwa kuwa aliyerogwa lazima atafutiwe mchawi. Katika mikoa yetu ya magharibi twajua ni nani hutajwa: ni bibi mzee, mjane asiye na mtetezi. Ajuzi wasio na hatia wamekwisha kuuawa katika nchi hii kwa sababu ya maradhi ambayo hawakuyaleta. Kwa hiyo elimu juu ya hofu si anasa ya wasomi. Yaweza kuokoa roho za watu.

Tiba yake ipo, nayo kwa sehemu kubwa ni tiba ya mazungumzo yenye utaratibu. Mshauri aliyefundishwa humweleza mgonjwa kwanza kile kinachotendeka mwilini mwake, ili ajue kwamba moyo uendao mbio haumuui. Humfundisha kupumua polepole, maana pumzi ndefu huutuliza mwili. Kisha, hatua kwa hatua na kwa hiari ya mgonjwa, humwongoza kukikaribia kile anachokikwepa: leo njia ya shimoni, juma lijalo ukingo wa shimo, mpaka ubongo ujifunze kwamba hatari haipo tena. Aliyeona mauaji husaidiwa kuisimulia habari yake tangu mwanzo hata mwisho kwa mpangilio, ili jambo lililopita likae katika mambo yaliyopita. Kumbukumbu haifutwi, ila huacha kumtawala mwenyewe.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya yenye kuhitaji madaktari wengi. Jibu lilikwisha kupatikana karibu nasi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa washauri, kisha wakawapima wagonjwa 277 kutoka Rwanda na Somalia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Katika waliosimulia habari zao kwa utaratibu tuliouelezea, asilimia 70 hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa ule walipochunguzwa baadaye. Katika waliopata ushauri wa namna nyingine walikuwa asilimia 65, na katika wale ambao hawakutibiwa walikuwa asilimia 37 tu. Kadhalika huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida wasio madaktari walifundishwa kuwasaidia watoto yatima kwa tiba ya mazungumzo, na matokeo ya kazi hiyo yakachapishwa mwaka 2020. Ni wazi basi kwamba mwenye moyo wa subira, akifundishwa vema na kusimamiwa na mtaalamu, aweza kumponya jirani yake.

Hata hivyo tusijidanganye. Si kila hofu ni maradhi. Mkulima aogopaye kwamba tembo watamaliza mahindi yake anahitaji ulinzi wa shamba, na mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara anahitaji mshahara wake. Mtu hawezi kufundishwa utulivu huku ardhi ikitikisika chini ya miguu yake. Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo walilijua hili. Waliokubaliwa uraia waliambiwa kwanza kwamba watahamishwa makazi, wakakaa miaka wasijue kama wapande miti au wafunge mizigo. Mpango ule uliachwa, na kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, ya Katavi na ya Tabora, walipewa uraia. Kumhakikishia mtu mahali pake ni sehemu ya tiba, na sehemu hiyo iko mikononi mwa siasa.

Twaomba mambo matatu. La kwanza, Serikali ihakikishe kwamba kila kituo cha afya katika Katavi kina angalau mtumishi mmoja aliyefundishwa kazi hii, ili mgonjwa wa Mishamo asilazimike kungoja mpaka hali yake ifikie ya kupelekwa Mirembe, Dodoma. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda na wakoloni ili ichukue madini ya risasi. Hatuoni kwa nini elimu ya kuwaponya watu ishindwe kufika huko. La pili, vyama vya wafanyakazi vidai kwamba aliyeumia moyo kazini ahesabiwe kuwa ameumia, kama ahesabiwavyo aliyevunjika mguu. La tatu ni letu sisi wanachama. Balozi wa shina huijua kila nyumba yake. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba fulani hatoki tena nje. Asimcheke, wala asiruhusu neno “mchawi” litamkwe. Amwendee, aketi naye, amsikilize bila kumhoji, kisha amsindikize zahanati.

Tulipokuwa chini ya ukoloni tuliambiwa kwamba hofu ni tabia yetu, nasi tukaonyesha kwamba sivyo. Tusiwaambie leo ndugu zetu wagonjwa maneno yale yale. Wanaotetemeka usiku huko Katavi hawakukosa ushujaa. Wamekosa mtu wa kuketi nao akiwa anajua la kufanya. Mtu huyo twaweza kumfundisha, na yafaa tuanze sasa.