Filamu ya baba

Wamama, kijana akisema anataka kutengeneza filamu fupi juu ya baba yake marehemu, tusimkatalie. Jamaa watasema anatonesha kidonda. Lakini kwenye matanga watoto wanatumwa viti na maji tu. Nani anawauliza wanavyosikia rohoni?

Hapa Goma vijana wanajifunza filamu Yole!Africa, ila simu yatosha kwa kuanza, na dakika 5 ni nyingi. Aanze na vitu: koti la baba, redio yake, kiti ambacho hakuna anayekikalia. Sauti ya koko, aliyemzaa baba, airekodi mapema.

Na mama aulizwe kwanza: uso wake uonekane, ao mikono tu? Akisema mikono, ni mikono.