Haya Itangulie Tendo

Wako wanaodhani kwamba mwizi huzuiwa na polisi peke yake. Buddha, aliyefundisha kaskazini mwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hakuridhika na ulinzi wa namna hiyo. Alisema dunia inalindwa na mambo mawili: haya, ambayo wafuasi wake huiita hiri, na hofu ya lawama na matokeo ya uovu, waiitayo ottappa. Yakikosekana hayo, alionya, watu wataishi kama mbuzi na kuku, wasimheshimu mama, dada wa mama wala mke wa mwalimu.

Wafafanuzi wa kale wa mafundisho hayo walieleza kwamba haya hutoka ndani. Mtu hukumbuka ukoo aliozaliwa, umri wake na elimu yake, akaona tendo fulani halimstahili. Hofu, kwa upande wake, hutazama nje, kwenye lawama za wenye hekima na adhabu inayomngoja. Walitoa mfano wa chuma: kikipakwa mavi, hukigusi kwa kinyaa, kikiwa chekundu kwa moto, hukigusi kwa kuogopa kuungua.

Yote mawili yanahitajika. Lakini mwenye hofu bila haya ataacha wizi mchana na kuurudia usiku. Akipewa ofisi isiyokaguliwa, ataifilisi. Sheria haiwezi kumweka askari nyuma ya kila karani. Yako mambo ambayo karani hana budi kujikataza mwenyewe.

Basi haya hufundishwaje? Tumtazame Buddha na mwanawe Rahula, aliyekuwa mtawa angali mdogo. Mtoto alimwandalia baba maji ya kunawa miguu. Baba alipokwisha kunawa, alibakiza maji kidogo ndani ya kata, akamwonyesha: utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni haba kama maji yale. Akayamwaga, akaifudikiza kata, kisha akaiinua, tupu. Ndipo akamwagiza apime kila tendo kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda na baada ya kulitenda, aone kama linamdhuru yeye au wenzake.

Angalieni, enyi wazazi na walimu: hakumtukana mtoto wala hakumwaibisha mbele za watu. Mtoto anayedhalilishwa hujifunza kuficha makosa, si kuyaacha. Wala majuto yasiyokwisha si haya. Wabuddha huyahesabu miongoni mwa vizuizi vya akili, kwa sababu huitesa nafsi bila kuitengeneza. Aliyekosa na akiri, atengeneze, aendelee na safari.

Watawa wao wana desturi ya kuigwa. Miezi mitatu ya mvua, ambayo huikaa mahali pamoja, inapokwisha, kila mmoja huwaomba wenzake wamwambie kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Mkubwa huomba kama mdogo.

Nasi tuthubutu hivyo. Mkuu wa ofisi awaulize walio chini yake, asiwakasirikie wakimjibu. Mzazi akimdanganya mtoto, amwombe radhi. Na kila mmoja wetu, mkono ukinyooka kuchukua kisicho chake, ajiulize kama jambo hilo linamstahili, kabla hajauliza nani anamwona.