Karatasi ya Tatu: Kilichoamuliwa Mngeta Oktoba 29

Wakati kampeni za Uchaguzi Mkuu zilizoanza Agosti 28, 2025 zilipokuwa zikiendelea nchini, wapiga kura wa Kata ya Mngeta, Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba mkoani Morogoro, walikuwa wakijiandaa kupokea karatasi tatu za kura ifikapo Oktoba 29: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Hiyo ya tatu ndiyo inayozungumzwa kwa uchache, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na gunia la mpunga.

Ukaribu huo unaanzia kwenye ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mpunga unaouzwa katika bonde la Kilombero huchangia kwa njia hiyo mapato ya ndani ya halmashauri, na Baraza la Madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya matumizi yake. Katika mapato hayo, sheria inaelekeza asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kupisha mapitio ya utaratibu, kisha ikarejeshwa. Kikundi cha akina mama wa Mngeta chenye diwani asiyefuatilia kinaweza kuzisikia fedha hizo redioni tu.

Aidha, mwananchi anapaswa kupima ahadi za majukwaani. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA, na zile za mkoa zipo chini ya TANROADS. Mgombea udiwani anayeahidi kujenga barabara anaahidi kwa mkono wa mwingine. Anachoweza kufanya, nacho si kidogo, ni kuhakikisha kipande kinachokatika kila masika kinaingia katika vipaumbele vinavyowasilishwa, na kuhoji barazani kisipotengenezwa. Diwani pia ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakoketi na wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa Novemba 27, 2024. Mtendaji wa Kata ndiye Katibu. Miradi mingi hufia au hupona katika kikao hicho.

Jijini Chicago, Marekani, wajumbe 50 wa baraza la jiji walichaguliwa mwaka 2023, mwaka usio na uchaguzi wa Rais. Huko mjumbe hafunikwi na kelele za uchaguzi wa Rais, lakini wanaojitokeza huwa wachache. Nchini Tanzania chaguzi zote tatu hufanyika siku moja. Watu hujitokeza kwa ajili ya Rais, na diwani hupigiwa kura kivulini.

Lipo jambo moja linaloihusu Mngeta kwa namna ya pekee. Oktoba ni mwezi wa kuandaa mashamba, na wakulima wengi hupiga kambi bondeni, mbali na vituo walikojiandikisha. Diwani huchaguliwa na wapiga kura wa kata yake pekee, na mshindi hutangazwa na Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi ngazi ya kata. Kura ya mkulima aliyebaki shambani siku hiyo haihamishiki, na diwani aliyepatikana bila yeye atapitisha bajeti za halmashauri hadi mwaka 2030.