Kitambi cha likizo hakiondoki kwa jasho la siku tatu

KILA timu zinaporudi kambini kujiandaa na msimu mpya, picha ni ile ile. Mchezaji aliyejiachia likizo anarudi na kitambi, mashabiki wanamcheka mitandaoni, na kesho yake anaonekana akikimbia juani kavaa jaketi zito, tumboni kajifunga nailoni. Usiku anaruka chakula. Siku ya tatu anapanda kwenye mzani, kilo mbili hazipo. Makofi!

Wiki mbili baadaye huyo huyo anatoka uwanjani akichechemea, kashika nyuma ya paja. Mashabiki wale wale wanaanza kuuliza nani alimsajili.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kilo zile mbili yalikuwa maji. Mafuta bado yapo pale pale. Akinywa maji ya kutosha, mzani unarudi ulikokuwa, ila uchovu unabaki.

Wamarekani walilijua hili kwa misiba. Mwishoni mwa mwaka 1997, ndani ya wiki chache tu, wanamieleka watatu wa vyuo walifariki wakijaribu kushusha kilo haraka kabla ya kupimwa uzito. Walifanya mazoezi makali kwenye joto na kujinyima maji. Baada ya hapo mavazi ya mpira ya kutoa jasho yakapigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo. Kwa Dar es Salaam au Tanga, jua la saa nane mchana linatosha kabisa kufanya kazi ya chumba cha joto.

Njaa nayo si dawa. Mkimbiaji Mary Cain wa Marekani, aliyekuwa kipaji kikubwa tangu akiwa shuleni, alieleza mwaka 2019 kwamba alipokuwa akishinikizwa kupunguza uzito alikosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikitahadharisha tangu 2014: mwili ukifanyishwa kazi kubwa kuliko chakula unachopewa, mifupa, homoni na kinga vyote vinaathirika, na kiwango uwanjani kinashuka. Ni kwa wanaume na wanawake. Timu za wanawake zilisikie hili mara mbili.

Sasa tazama wanaoishi kwa pumzi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 chini ya saa mbili pale Vienna mwaka 2019, hakimbii kwa kasi kila siku. Pale Kaptagat, Kenya, wiki yake ina siku chache ngumu, nyingine anakimbia pole pole. Alphonce Simbu naye alishika nafasi ya pili Boston Aprili 2025, akachukua dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 15. Katikati kuna karibu miezi mitano. Wanamarathoni wa daraja lake hukimbia marathoni mbili hivi kwa mwaka, kwa sababu mwili unajengeka wakati wa kupumzika.

Kocha ana hoja yake. Ligi haimsubiri mtu, ana wiki chache za maandalizi, na akipoteza mechi tatu mfululizo kibarua kinaota nyasi. Ndiyo maana anabana kila kitu pamoja: mbio za ufukweni asubuhi, vyuma mchana, mpira jioni, na sahani imepunguzwa. Lakini hesabu hiyo haimlipi. Mchezaji mwenye kilo tatu za ziada anaweza kucheza dakika 60. Aliyechanika msuli hachezi hata moja.

Njia ipo na haihitaji fedha nyingi. Klabu impe mchezaji programu ya likizo na imfuatilie, asirudi akiwa gunia. Uzito ushuke taratibu, nusu kilo hivi kwa wiki. Siku ya mazoezi magumu ale wali au ugali wake wa kutosha, na maharage, samaki au mayai. Kinachopunguzwa ni soda, bia na chipsi za usiku. Siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na usingizi uheshimiwe kama mazoezi. Daktari wa timu awe na sauti ya kusema huyu leo hakimbii, na kocha akubali.

Mchezaji naye asijifiche nyuma ya kocha. Mwili ndio mtaji wake, na likizo si ruhusa ya kuula mtaji.

Na shabiki? Akimwona mchezaji wake kanenepa, ana haki ya kulalamika. Ila ampe wiki sita, asidai siku tatu. Mzani unaweza kudanganywa kwa jasho la siku tatu, lakini dakika ya 80, mpinzani anapokimbia na mpira pembeni, hakuna wa kudanganywa.