Injini Inaponguruma Gari Likiwa Limesimama



Shemeji yangu ana pikapu ya petroli iliyokula miaka mingi. Kwayo huchukua nazi na madafu kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea, na kwayo hulipa karo za watoto. Mwezi uliopita ilianza tabia mpya: kila asimamapo, injini huunguruma kana kwamba mguu wake ungali umekanyaga mafuta. Akisota kwa gia ya kwanza katika foleni ya daraja la Nyali, ilimbidi akandamize breki kwa nguvu asije akamparamia aliye mbele.

Alimwendea fundi. Fundi akatwaa bisibisi, akaizungusha skrubu ya sailensi, mngurumo ukashuka, akapokea ujira wake. Siku ya pili pikapu ikawa na mambo mawili: mara yanguruma, mara yazimika katikati ya njia. Hapo ndipo aliponijia.

Asili ya jambo lenyewe ni hii. Mguu ukiondoka kwenye mafuta, mlango wa hewa ya injini hufungwa, na hubaki upenyo mdogo wa kuiweka hai, kwa mizunguko ipatayo 700 hadi 850 kwa dakika katika magari mengi ya aina hiyo. Ikizidi sana, kuna hewa ipitayo mahali isipopaswa, na kazi ya mchunguzi ni kupatafuta mahali hapo.

Injini baridi nayo hunguruma kwa haki, kwa dakika chache za asubuhi. Katika injini ya 22R-E ya Toyota, iliyotiwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1980, kazi hiyo hufanywa na valvu yenye nta ndani yake. Maji ya injini yakipata moto, nta huvimba na kuifunga njia ya hewa ya ziada. Maji yasipoifikia, nta hubaki baridi, na injini hudhani kungali alfajiri.

Ya shemeji ina valvu kama hiyo, basi tukaanza na maji. Tulingoja injini ipoe kabisa, maana mfuniko wa rejeta ya moto ukifunguliwa huunguza uso. Chupa ya akiba ilikuwa imejaa, lakini ndani ya rejeta maji hayakuonekana. Mpira wa chini ulikuwa na ufa mwembamba, wenye alama za kutu iliyokauka. Maji machache yaliyosalia yalikuwa yakiifikia valvu mara moja moja. Ndiyo sababu ya kunguruma na kuzima. Mshale wa joto nao haukupanda, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kimeachwa hewani.

Tulibadilisha mpira, tukajaza maji, tukaiwasha injini mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yakakoma, kisha tukairudisha skrubu mahali pake. Mngurumo ukatulia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lau bisibisi ingeonekana kutosha, shemeji angeendelea kusafiri na rejeta tupu, hadi siku moja kichwa cha injini kipinde njiani, na riziki ya nyumba isimame pamoja nacho.

Basi msomaji, yakikufika, fuata utaratibu huu. Liweke gari mahali pa wazi, si ndani ya banda, kwa kuwa moshi wake huua. Vuta breki ya mkono, toa gia, kunja mikono ya kanzu isinaswe na feni. Injini ingali baridi, tazama maji ndani ya rejeta yenyewe. Kisha angalia waya wa mafuta, kama warudi wote mguu unapoondoka. Na kama injini ni ya kabureta, angalia choki, kama yafunguka yote injini ipatapo moto. Baada ya hapo nyunyizia maji kidogo kidogo juu ya mipira ya hewa na maungio yake, injini ikiwa inawaka, ukijihadhari na plagi na nyaya zake. Pale mlio utakapobadilika, pana ufa.

Skrubu iwe ya mwisho kuguswa. Na fundi akianza nayo, muulize kwa upole: hewa hiyo yaingilia wapi?

Wasalaam.